Ushirika Usio na Baba

Siku nilipostaafu, ofisi ilinipa kitambaa cha kushonea abakosti, ile suti ya serikali isiyovaliwa na tai. Ni kitambaa kizuri, rangi ya majivu, na kimenifikia wakati kila mwenye akili hapa Bukavu anarudi kwenye koti na tai. Sikulalamika. Nimefanya kazi ya vyama vya ushirika maisha yangu yote, nimezoea vitu vizuri vinavyofika vimechelewa.

Ninyi vijana mliobaki pale mmenisumbua niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Haya, naandika. Lakini kama mnatafuta mbinu za kufaulu, mwombeni mwingine. Ninyi mna semina, mna karatasi kubwa za kubandika ukutani na kalamu za rangi. Mimi nina ushirika mmoja wa kahawa kule kijijini Miti, niliouona ukizaliwa na nikauona ukifa, na tangu ulipokufa sikuiamini tena kazi niliyoendelea kuifanya kila asubuhi.

Niliajiriwa miaka ile nchi ilipokuwa imegeuka Zaïre na sisi sote tumegeuka citoyen, yaani raia. Aliyenipokea alikuwa Papa Kulimushi, animateri wa zamani, yaani mhamasishaji wa vyama vijijini, mtu mfupi, mkavu, mwenye viatu vizito ambavyo alivipaka mafuta ya mawese kwa kukosa rangi. Serikali ilikuwa imetunyang'anya majina ya watakatifu, na yeye alisema jina lake la ubatizo limebaki kwa mama yake, ambaye analitumia kwenye rozari kila siku na hakuna askari aliyekuja kumkamata.

Siku yangu ya kwanza alinipeleka Miti kwa gari la ofisi. Tukashuka penye uwanja wa mtu aliyekuwa anaanika kahawa juu ya mkeka. Papa Kulimushi akaokota punje moja, bado iko na ganda lake la ndani, akanipa.

"Uma."

"Papa, haiyakaangwa."

"Nilikuambia unywe? Uma!"

Niliuma, jino likazama. Akaniambia kwamba kahawa inayokubali jino bado ina maji, itaoza ndani ya gunia, na mnunuzi atapata sababu ya kushusha bei ya gunia lote. Iliyo kavu inakataa jino. Diploma yangu haikuwa na somo hilo. Alinifundisha pia kuingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu mawe hayakai juu, na kutundika mizani mahali ambapo mwenye kahawa anaiona kwa macho yake. Sheria yake kubwa ilikuwa kwamba animateri hafungui kinywa kijijini kabla hajabeba kitu. Kwa hiyo mwezi wangu wa kwanza nilibeba: magunia, maji, kuni za harusi ya watu nisiowajua, na mara moja mzee mgonjwa kwenye machela. Mke wangu aliniuliza kama nimeajiriwa kama fundi wa ushirika au kama punda.

Halafu serikali ikachukua maduka na mashamba ya wageni ikawagawia wazalendo. Mgeni aliyekuwa akinunua kahawa ya Miti aliondoka na masanduku mawili. Aliyepewa ghala lake alikuja na abakosti mpya na bibi mpya, akauza magunia aliyoyakuta, akauza mabati ya paa, halafu hatukumwona tena. Wakulima wakabaki na wanunuzi wa barabarani, wale wanaosimamisha pikapu chini ya mlima na mizani wanayoijua wao peke yao. Kahawa ikiwa mbichi walisema ni mbichi, ikiwa kavu walisema ni mbichi vilevile. Anayekataa alirudi mlimani na mzigo wake, na kesho yake kahawa ilikuwa imeshuka thamani zaidi.

Hapo ndipo Papa Kulimushi alianza mikutano. Sitawadanganya kwamba watu walikuja wakikimbia. Neno ushirika lilinuka kwao, lilikuwa linafanana mno na salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi ambapo unalima barabara ya serikali na ukikosa unatozwa faini. Walituuliza waziwazi: mwenye salongo hii ni nani? Papa Kulimushi alijibu kuwa wenyewe ni wao. Walicheka sana siku hiyo.

Aliyewafanya waache kucheka ni mzee Birindwa. Alikuwa mkulima wa kawaida mwenye kahawa nzuri na neno moja tu, likitoka limetoka. Alisema atajaribu msimu mmoja, na watu wakajaribu kwa sababu yake. Wakamfanya mwenyekiti. Wa pili alikuwa Maman Nsimire, mjane mwenye watoto wawili wa kiume, ambaye alikuwa akitunza shamba la marehemu mume wake mpaka watoto wakue na kulirithi. Huyu aliongea kuliko wanaume wote kwenye mkutano, na ukimwambia akae chini, alikaa na kuendelea kuongea akiwa amekaa.

Tulihitaji kitu kimoja: kituo cha kuoshea kahawa. Mashine ya mkono ya kumenya, mabirika ya kulowekea, meza za kuanikia, na banda la kufunika yote hayo. Ukiosha kahawa vizuri na kuiuza kwa pamoja, lori la mfanyabiashara mkubwa linapanda kutoka mjini kuifuata, na yule wa pikapu anabaki na mizani yake. Mashine wanachama waliinunua kwa mavuno ya misimu miwili. Mawe ya msingi waliyabeba kichwani kutoka mtoni. Maman Nsimire alibeba na mtoto mdogo yuko mgongoni, na kila akitua jiwe alimwambia huyo mtoto, "Hii ni shule yako, angalia vizuri."

Kilichobaki ni kiwanja. Na hapa, vijana, someni polepole.

Tulianza mjini kama watu waliosoma. Sheria ya nchi ilikuwa imesema ardhi yote ni ya serikali, basi tukaenda kuomba serikalini. Karani wa ardhi alitueleza kwa upole kwamba ushirika hauwezi kupewa hati kabla haujatambuliwa kisheria, na saini ya kutambuliwa inatoka Kinshasa. Dosie yetu, faili zima la maombi, ilienda Kinshasa. Nilipostaafu ilikuwa bado haijarudi, pengine iko njiani.

Kwa hiyo tulirudi kwenye njia ya wakubwa wetu, kalinzi. Kwa asiyejua, kalinzi ni ng'ombe. Unampa shefu, yaani chifu wa mlima, ng'ombe na pombe ya ndizi, yeye anakuonyesha mipaka mbele ya mashahidi, unapiga makofi ya heshima, na toka siku hiyo ardhi ni yako na ya uzao wako. Hakuna mtu anayeweza kukutoa. Tumeishi hivyo kabla ya karani wa ardhi kuzaliwa, na mimi mwenyewe nimekulia juu ya shamba la kalinzi ya babu yangu. Ng'ombe wa ushirika alinunuliwa kwa kahawa ya wanachama wote. Alikuwa jike mweusi mwenye baka jeupe, na siku ya kumpeleka wanawake walimwimbia njia nzima.

Kwenye uwanja wa shefu, Papa Kulimushi aliuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa.

"Shefu, tunaweza toa hii ng'ombe kwa jina ya koperative?"

Shefu alikuwa mtu mzima, mtaratibu, anayependa mzaha. "Koperative itapiga makofi na mikono ya nani?"

Uwanja mzima ulicheka. Papa Kulimushi alicheka, mimi nikacheka, Maman Nsimire alicheka mpaka akajipangusa machozi. Tungefanya nini? Hakuna aliyewahi kuona kalinzi bila mtu. Birindwa akasogea mbele, akageukia wanachama kwanza.

"Miye niko paka mikono yenu," alisema, yaani mikono yao tu. "Kiwanja ni yenu."

Akapiga makofi. Tukanywa. Hakuna hata mmoja kati yetu, aliyesoma na asiyesoma, aliyeona kwamba kuna jambo limefanyika zaidi ya adabu.

Banda likajengwa, na misimu iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka nikikosa usingizi. Asubuhi ungewakuta kwenye meza za kuanikia, wanaume kwa wanawake, wakichambua punje mbovu na kusengenya wote ambao hawapo. Lori lilipanda kutoka mjini. Wa pikapu alitusalimia kwa heshima. Ushirika ulikuwa na akiba ya wagonjwa, na mwanamke aliyeshindwa kujifungua alibebwa mpaka hospitali bila kuuza mbuzi kwanza. Watoto wa Maman Nsimire waliingia shule ya mapadri na viatu. Yeye mwenyewe alienda peku kuwaandikisha, na padri alipomtazama miguu alimwambia, "Padri, mwanafunzi si miye." Wageni walikuja kutoka mjini kupiga picha. Papa Kulimushi alistaafu wakati huo, akafa mapema, akiamini. Namwonea wivu.

Kisha Birindwa akaumwa tumbo wakati wa mavuno, akafa kabla ya mavuno kwisha. Tulikaa kilio, wanachama wakamzika kama baba yao, na ushirika ukalipa sanduku.

Mtoto wake wa kwanza, Mushagalusa, alitoka Cimpunda, mtaa wa Bukavu, kuja kilioni na hakurudi. Alikuwa ameajiriwa mjini kwenye kampuni ambayo nayo ilipewa mzalendo na kufungwa, na kwa miaka kadhaa alikuwa anauza mkaa kidogokidogo kwa mafungu, chumba kimoja, watoto wengi. Baada ya matanga alifanya ambalo mrithi yeyote hufanya. Alimpelekea shefu mbuzi na pombe, akajitambulisha, akaonyeshwa mipaka ya kalinzi za baba yake. Zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa na banda la mabati, mabirika na mashine.

Nilimfuata bandani, nikamkuta anapima mlango ili anunue kufuli.

"Mushagalusa, unajua hii si ya baba yako."

"Papa animateri, basi ni ya nani?"

"Ya koperative. Bote wanajua."

"Bote wanajua baba njo alipiga makofi." Hakunipandishia sauti. "Miye niko na batoto mu Cimpunda, wanalala na maji ya moto mu tumbo. Unataka niende kwa shefu niseme nini? Niseme baba alikosea kupiga makofi? Niseme si miye mutoto yake?"

Ningependa kuwaandikia kwamba alikuwa mwizi. Ingenipunguzia mzigo.

Kesi ilisikilizwa na shefu, palepale uwanjani. Wanachama wote walikuja, wengi na nguo za misa. Shefu aliniita mimi wa kwanza, kwa kuwa Papa Kulimushi hakuwepo tena na mimi ndiye shahidi niliyesoma.

"Weye ulikuwa hapa siku ya ng'ombe?"

"Nilikuwa, shefu. Na ile ng'ombe ilinunuliwa na..."

"Siyauliza ng'ombe. Nani alipiga makofi?"

Nilijaribu kueleza. Nilizungumza juu ya wanachama, juu ya mawe ya mtoni, juu ya maneno ya Birindwa mwenyewe, kwamba yeye ni mikono tu. Shefu alinisikiliza mpaka mwisho kwa uvumilivu, halafu akauliza tena vilevile, nani alipiga makofi. Watu wote walikuwa wananitazama. Jibu lilikuwa moja, na kila mtu pale alilijua.

"Papa Birindwa," nilisema.

Maman Nsimire alisimama bila kuitwa.

"Shefu, ile ng'ombe ilitoka mu kahawa yetu siye bote. Ile nyumba nilibeba mawe yake, mutoto mu mugongo. Uliniona!"

"Nilikuona, maman. Siyasahau."

"Sasa?"

"Sasa niambie, koperative iko mutoto ya nani? Iko na baba? Iko na ukoo? Ikikufa kesho, nani atailia, nani atabakia mu shamba yake?"

"Siye! Siye tutailia!"

Watu walinguruma kumuunga mkono. Shefu alingoja watulie. Alipoongea tena alikuwa anamwongelea yeye peke yake, kwa sauti ya mtu asiyefurahia anachosema.

"Bwana yako alikufa. Ndugu zake walikuya hapa kwangu mara ngapi, wanasema mwanamuke hana shamba, bakufukuze? Niliwajibu nini?"

Maman Nsimire alishika kona ya kitenge chake.

"Niliwajibu bwana yako alipiga makofi, na batoto yake beko. Paka ile. Ile njo inakulinda. Leo nikivunja kalinzi ya Birindwa juu ya koperative yenu, kesho bale ndugu watakuya kusema, vunja na ile ingine. Nitawaambia nini? Na batoto yako batalala wapi?"

Mwanamke aliyeongea hata akiwa amekaa, alikaa na hakuongea. Alikunja kitenge chake vizuri kwenye magoti, kona kwa kona, na wanachama walipomtazama wakaelewa kuwa hakuna atakayesimama tena. Kila mmoja wao alilima shamba lililosimama juu ya makofi ya mtu fulani aliyekufa. Shefu akasema banda ni la mrithi, na kwamba mrithi ni mtu mwema, tuelewane naye.

Tulielewana naye. Mwanzoni alifungua banda na kuwaruhusu wenye mashine wamenye kahawa yao kwenye mashine yao, mradi kila mmoja alete chupa ya pombe na siku ya kulima shamba lake. Wazee walikubali upesi kuliko nilivyotegemea. Hilo walilifahamu: mwenye mahali, na watu wake. Lilikuwa la kawaida zaidi kuliko mambo tuliyowafundisha. Msimu uliofuata watoto wa Cimpunda waliugua, na Mushagalusa akauza mashine kwa mfanyabiashara kutoka upande mwingine wa ziwa. Alinieleza mwenyewe, akilia, na mimi nilimpa pole, kwani mtoto wake mmoja alikuwa amekufa. Wa pikapu akarudi chini ya mlima. Hakusalimia tena mtu.

Ofisini nilieleza yote. Mkurugenzi alinisikiliza, akasema kwamba Miti ilikuwa uzoefu mzuri, sasa nitafute kijiji kingine. Nilitafuta. Nimeanzisha vyama vingine, vya mboga, vya ng'ombe wa maziwa, vya matofali, na kila mahali swali la kiwanja lilipofika niliwaangalia watu wazuri wakimchagua mtu mzuri asimame mbele. Mtaniuliza kwa nini sikuwaonya. Niliwaonya kila mara. Waliniuliza, basi nani apige makofi? Sikuwahi kupata jibu, na sina leo. Kinshasa hawatambui kitu kisicho na saini, mlimani hawatambui kitu kisicho na baba, na kati ya hao wawili hakuna mahali pa kuweka hata mashine moja ya mkono.

Nilirudi Miti mwaka mmoja au zaidi baada ya mashine kuuzwa. Sikuwa na kazi huko, nilikuwa napita tu kuelekea Kavumu, nikashuka kuwasalimia. Nilimkuta Maman Nsimire shambani, amefunga kitenge kiunoni, anang'oa kahawa. Mibuni ile niliipanda naye, mimi nikishika kamba ya mstari na yeye akichimba. Ilikuwa imefika umri wake mzuri wa kuzaa.

Nilimuuliza watoto. Mdogo alikuwa nyumbani, ada imeshindikana. Mkubwa aliacha shule akaenda kwenye machimbo ya dhahabu na vijana wenzake, na tangu aende hajatuma neno.

"Unang'oa yote?" nikauliza.

"Yote. Kahawa hailiwi, papa. Nitapanda maharagwe na muhogo."

Nilisimama pale. Kazi yangu yote, toka siku ya kwanza, ilikuwa kumwambia mtu wa namna yake asing'oe. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, niliyajua kwa moyo kwa Kiswahili na kwa Mashi, nikahisi yananitoka yote.

"Usisimame bule," alisema. "Shika upande ile. Mizizi yake iko nguvu."

Nikavua koti, nikalitundika, nikashika. Tulivuta mmoja, tukavuta wa pili. Alikuwa anahesabia pumzi zetu ili tuvute pamoja, na tulivuta vizuri sana, kama watu waliozoea kufanya kazi pamoja. Kufika saa ya chakula mstari wote ulikuwa chini.